Viazi vitamu vya futari: ni aina gani ipandwe Tanga, na ipandwe lini?

Mlima Robo Eka (Pongwe) aliuliza:

Assalaam aleykum, wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri wa wakulima na wapishi kwa pamoja, kwa sababu swali langu linaanzia shambani na kuishia jikoni. Sisi majirani kadhaa tumekodi sehemu ya shamba la zamani la mkonge huku Pongwe, tukaigawa vipande vidogo vidogo, na kila nyumba inalima inachokitaka. Kipande changu ni robo eka. Upande wa juu udongo ni mwekundu wenye mchanga, na upande wa chini maji hutuama masika inapokolea.

Msimu wa masika nilipanda aina nne za viazi vitamu katika matuta yaliyofuatana ili nizilinganishe: Jewel, Kabode, Mataya, na aina ya kienyeji yenye ngozi nyekundu na nyama nyeupe, ambayo marando yake nilipewa na jirani. Jewel ilitangulia kukomaa na ikazaa viazi vikubwa vya kupendeza macho, lakini tulipovitia kwenye tui vilivurugika, chungu kikawa kama cha uji. Kabode ilifuata, nayo ilistahimili moto kiasi. Mataya ilizaa vizuri, nyama yake ni ya rangi ya chungwa iliyokolea, na watoto hawakubakisha kitu sahanini. Ile ya kienyeji ilichelewa kuliko zote na ikazaa kidogo, na viazi vilivyobaki ardhini baada ya mvua kukatika vilishambuliwa na fukusi. Hata hivyo ndiyo pekee iliyopikwa kwa nazi na vipande vyake vikabaki vizima, na mama mkwe wangu hataki kusikia habari za aina nyingine yoyote.

Ramadhani ijayo inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari 2027, kutegemea kuandama kwa mwezi, nami ningependa futari ya nyumbani itoke kwenye kipande hiki badala ya sokoni. Je, ni aina ipi niipe eneo kubwa, na niipande lini? Pia kuna jirani anayetushawishi tujaribu mbatata, yaani viazi mviringo, kwa mbegu za kutoka Lushoto. Je, zinaweza kuzaa huku chini?

Bwana Shamba Mstaafu (Muheza) alijibu:

Wa aleykum salaam, ndugu. Ulinganisho wako ni mzuri, lakini umeufanya katika masika, ilhali mavuno unayoyataka ni ya vuli. Hiyo ni misimu miwili yenye tabia tofauti kabisa, na aina inayoshinda katika mmoja inaweza kushindwa katika mwingine.

Tazama kalenda. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo mfungo hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2013 Ramadhani ilianza Julai, na kiazi kilichopandwa mvua za Machi zilipoanza kilikuwa na miezi yake minne au mitano kamili, udongo ukiwa bado una unyevu. Wakati huo kiazi cha kienyeji, pamoja na kuchelewa kwake, kilifika mezani kwa wakati bila shida, na sishangai kwamba wazee wetu wanakiamini. Sasa mfungo umeingia Februari, na mwaka 2028 utaanza mwishoni mwa Januari. Ikifika 2030 tutafunga mara mbili katika mwaka mmoja, Januari na tena kuanzia mwishoni mwa Desemba. Kwa miaka hii yote futari ya pwani itategemea vuli, na vuli yetu huanza Oktoba, hulegea Desemba, kisha upepo wa kaskazi hukausha udongo Januari na Februari.

Sasa iweke aina ya kienyeji ya miezi mitano katika msimu huo. Ukiipanda mwanzoni mwa Novemba, viazi vitakuwa vinajaa wakati mvua imekwisha na matuta yanapasuka. Fukusi hana uwezo wa kuchimba udongo mgumu; hukifikia kiazi kwa kupitia nyufa au kupitia shina, na ndiyo maana uharibifu wake huwa mkubwa kiangazi. Kiazi kilichotobolewa hata mahali padogo huwa kichungu, na uchungu huo hauondoki kwa kupikwa.

Kwa sababu hiyo mimi ningeipa Kabode sehemu kubwa ya shamba. Aina hii ilitolewa rasmi Uganda mwaka 2007, ina nyama ya rangi ya chungwa, huvunwa katika miezi minne hivi, na inavumilia magonjwa ya virusi kuliko aina nyingi za rangi hiyo. Ejumula, ambayo nayo ni ya Uganda, ina wanga mkavu na ladha nzuri, lakini virusi huishinda upesi, na hapa pwani inzi weupe wanaovieneza hawana msimu wa kupumzika. Jewel ni ya Marekani. Ilizalishwa North Carolina, ambako walaji wanapenda kiazi laini chenye maji na utamu mwingi. Kuvurugika kwake katika tui hakutokani na upishi wenu, ndiyo asili yake.

Kuhusu tarehe, tayarisha matuta Septemba na upande katika nusu ya kwanza ya Oktoba, hata kama itakubidi kumwagilia mpaka mvua itakaposhika. Hapo utakuwa na miezi minne ifikapo wiki ya kwanza ya mfungo. Kikwazo kikubwa kitakuwa marando. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Ukiacha mita moja kati ya tuta na tuta, na sentimita 30 kati ya shina na shina, utahitaji vipando zaidi ya 3,000, na hutavipata mwezi Oktoba kwa kuvizungukia kwa majirani. Anza sasa kitalu kidogo karibu na kisima, chukua ncha za marando zenye urefu wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye mimea yenye afya, na uzizidishe hapo. Mmea wowote wenye majani madogo, yaliyojikunja na kugeuka rangi, ung'oe wote. Usiuonee huruma kwa sababu una marando mengi. Upande wa chini unaotuamisha maji, ambao masika ni hasara, katika vuli ndio utakaokutunzia unyevu Januari. Lakini usiurundikie samadi, maana kiazi kikishiba mbolea huota majani tu.

Mama wa Chungu cha Nazi (Ngamiani) alijibu:

Shikamoo Bwana Shamba, na wewe ndugu wa Pongwe pole na jembe. Hesabu ya misimu siipingi, ila nina neno kuhusu Kabode, kwa sababu nimeipika sana na nimeona ikiwafedhehesha watu mbele ya wageni. Kabode iliyokomaa hukaa vizuri katika tui, lakini iliyochimbwa mapema kwa kuharakisha mfungo haina tofauti na Jewel. Kabla ya kung'oa tuta zima, toa kiazi kimoja na ukikate: utomvu ukikauka upesi bila kugeuka mweusi, kimekomaa, ukiwa mwingi na ukabadilika rangi, virudishie udongo vilivyobaki na usubiri. Ukishavuna, viweke viazi kivulini penye hewa kwa siku chache kabla ya kuvipika. Michubuko ya ngozi hupona na utamu huongezeka.

Kuhusu kuvipika, wengi hukosea kwa kuvitia viazi vyote katika tui zito tangu mwanzo. Kata vipande vinene, vya Kabode vinene zaidi kuliko vya kienyeji, vipange vikae, umiminie tui jepesi pamoja na chumvi, sukari kidogo na iliki, na uache vichemke kwa moto wa wastani bila kifuniko. Usitie mwiko. Ukitaka kuvigeuza, shika sufuria na uitikise. Kasimile, yaani tui zito, hutiwa mwishoni, viazi vikiwa vimeiva na tui jepesi limepungua, nayo ikichemka kidogo tu unaepua. Kwa njia hii hata Mataya hukaa, ingawa kingo zake hulainika na tui huchukua rangi, jambo ambalo mama wakwe wengi hawalipendi. Wanaojali afya za watoto walipende, kwa sababu rangi hiyo ya chungwa ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta ya nazi huusaidia mwili kuipokea.

Ushauri wangu ni kwamba usiiache ya kienyeji kabisa. Tenga matuta machache katika sehemu yenye unyevu, uipande mapema pamoja na Kabode, na uile katika kumi la mwisho na sikukuu. Jewel ibakishie mistari michache kwa uji wa watoto na kwa kukandia maandazi, kazi ambayo inaifanya kuliko aina zote ulizozitaja. Na waambie jirani zako wasichume matembele katika matuta yako ya viazi. Kila nyumba huchuma fungu moja tu la kitoweo, lakini mmea ulionyonyolewa majani kila wiki hauna cha kukipeleka chini. Matembele yawe na tuta lake.

Mkulima wa Mlalo alijibu:

Salaam. Nitajibu la mbatata peke yake, kwa kuwa ndizo tunazolima huku Usambara. Mbatata hupenda usiku wa baridi. Majani yanaweza kustawi vizuri katika joto na kumdanganya mkulima, lakini mmea hauanzishi viazi ipasavyo kama usiku haupoi, na panapokuwa chini ya nyuzi 20 ndipo unapofanya kazi vizuri. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba mengi yetu yako juu zaidi ya hapo. Tanga mjini usiku wa Januari watu hulala bila shuka. Aina zilizoboreshwa tulizonazo, kama Asante, Sherekea, Meru na Mkanano, zinasifiwa kwa mavuno au kwa kuvumilia ugonjwa wa bakajani unaoletwa na ukungu na unyevu wa milimani. Sifa hizo hazisaidii kitu pale ambapo adui ni joto, kwa hiyo kuhangaika kuchagua kati ya Asante na Sherekea kwa ajili ya Pongwe ni kupoteza fedha ya mbegu.

Lipo pia jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Mbegu zinazouzwa kiholela, hata zikiwa na sura nzuri, zinaweza kubeba mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huo ukishaingia ardhini hukaa muda mrefu na hushambulia nyanya, bilinganya na pilipili. Katika shamba mlilogawana vipande, ambako maji ya mvua hutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, jaribio la jirani mmoja linaweza kuwaharibia bustani wote walio upande wa chini. Mkitaka mbatata, nunueni zinazoshuka kwa njia ya Mombo, na ardhi yenu muiachie viazi vitamu.

Mlima Robo Eka (Pongwe) aliandika:

Nawashukuru sana. La mbatata nimelifikisha kwa jirani, naye amekubali kuliacha baada ya kusikia habari za bilinganya zake. Nimeelewa kwamba Kabode ichukue sehemu kubwa, na ya kienyeji ikae upande wa chini. Limebaki swali moja kwa Bwana Shamba: ikiwa ya kienyeji itachimbwa katika kumi la mwisho, yaani mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, nitaikinga vipi na fukusi katika wiki hizo za ukame? Dawa ya kupuliza nisingependa kuitumia katika shamba ambalo watoto huchuma mboga.

Bwana Shamba Mstaafu (Muheza) alijibu:

Dawa ya kupuliza isingekusaidia sana, kwa sababu funza wa fukusi anakaa ndani ya shina na ndani ya kiazi, ambamo dawa haimfikii. Kinga yako ni udongo. Kuanzia katikati ya Desemba, kila unapoona tuta limepasuka, lipandishie udongo na uzibe nyufa, hasa kuzunguka shina, na ukiwa na nyasi kavu zifunike juu ya matuta ili unyevu usitoke haraka. Usiipande ya kienyeji mahali palipokuwa na viazi vya masika, kwa maana mabaki yaliyosalia ardhini ndiyo makazi ya fukusi. Yaokote sasa, pamoja na mashina ya zamani, na uwape mbuzi au uyachome. Marando ya kupanda yakate kwenye ncha, kwa kuwa fukusi hupendelea kutaga sehemu ya shina iliyo karibu na ardhi.

Ushauri wa Mama kuhusu ya kienyeji naukubali kwa matuta machache kama alivyosema, si zaidi. Ifikapo nusu ya mfungo, chimbua shina moja kila baada ya siku chache uangalie. Ukikuta tundu hata katika kiazi kimoja, vuna matuta yote ya kienyeji siku hiyo hiyo, uvitandaze viazi vizima kivulini, na futari ya siku zilizobaki uipike kutoka hapo.