Spika ndogo za sebuleni, chumba cha mita 3.3 kwa 4.2, Dodoma: nichukue zipi?

Mkaazi wa Ilazo

Wakuu, salaam. Natafuta spika mbili ndogo za kukaa juu ya kabati au stendi, za kusikiliza tu, si za sherehe. Sebule ni mita 3.3 kwa 4.2, dari ya jipsamu mita 2.8, chini tailizi, ukuta mmoja una dirisha kubwa la aluminiamu. Makochi yako kama mita 2.3 kutoka kwenye TV. Muziki wenyewe ni zilipendwa, kwaya, taarabu kidogo na nyimbo za Kigogo. Nataka sauti ya mwimbaji isikike kama yupo pale mbele. Chanzo ni simu na TV. Bajeti ni laki sita hadi laki nane, waya na stendi humo humo. Kila duka ninaloingia naoneshwa sabufa ya "PMPO wati 12,000". Je, nahitaji wati ngapi hasa? Wufa (ile koni kubwa ya besi) ya inchi ngapi? Na zenye amplifaya ndani au zile za kununua amplifaya pembeni?

fundi_krosova

Mkuu, hiyo PMPO isahau kabisa. Haina kipimo kinachokubalika, muuzaji anaandika namba aipendayo. Geuza kifaa nyuma usome kibandiko cha umeme. Kikiandikwa kwamba kinakula wati 60, hakiwezi kutoa wati 60 za sauti mfululizo, maana nyingine zinaishia kwenye joto. Kama kinatumia adapta, zidisha: volti 12 mara ampea 2 ni wati 24 kwa mfumo mzima, hata boksi liwe limeandikwa nini.

Namba ya kutafuta ni unyeti wa spika, yaani desibeli inazotoa kwa wati moja ukiwa mita moja. Spika ndogo nyingi ziko kati ya 83 na 89. Chukua 86. Ukikaa mita 2.3 unapoteza kama desibeli 7, spika ya pili inarudisha 3, na kuta zinaongeza kidogo. Kwa hiyo wati moja tu kwa kila spika inakupa zaidi ya desibeli 80 pale kwenye kochi, wakati mazungumzo ya kawaida ni kama 60 hadi 65. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3. Wati 16 zinakupeleka kwenye 94, na hapo jirani ameshabisha hodi. Kwa sebule yako wati 20 hadi 30 za kweli kwa kila upande zinatosha na kubaki.

Mtego mmoja: unyeti mara nyingi hupimwa kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni wati moja, lakini kwa ya omu 4 ni wati mbili. Ukilinganisha spika mbili za aina hizo, ya omu 4 ipunguzie desibeli 3 kwanza ndipo ulinganishe.

Wufa: (hezi ni mitetemo kwa sekunde, namba ikishuka ndiyo besi ya chini) inchi 4 huanza kuishiwa nguvu kwenye hezi 60 hadi 70, inchi 5 kwenye 50 na kitu, inchi 6.5 hushuka hadi 40 na kitu. Kwa chumba chako ningechukua inchi 5. Kuna kanuni ya zamani ya Hofmann, yule wa herufi H kwenye jina la KLH, kampuni ya spika ya Marekani: boksi dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa wati chache, viwili utapata, cha tatu hupati. Duka likikuahidi vyote vitatu kwenye boksi la ukubwa wa tofali, jua kimoja ni hewa.

Mjomba Sabufa

Mnamzungusha bure mwenzenu. Sabufa moja na vispika viwili, kazi imeisha, na chenji inabaki.

Dada wa Makole

Mjomba, kwa mpira na taarabu ya harusini sawa. Lakini yeye kaomba sauti ya mwimbaji. Vispika vya sabufa nyingi ni vya inchi 2 au 3, havishuki chini ya hezi 150 au 200. Kwa hiyo sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume inatoka kwenye boksi lililo sakafuni pembeni, na juu inatoka kwenye vispika. Mwimbaji anakatwa vipande viwili. BBC walipobuni spika yao ndogo ya LS3/5A miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo, walichukua wufa ndogo kwenye boksi la urefu wa sentimita 30 na kukubali kukosa besi ya chini na kelele kubwa, ili tu sauti ya mtangazaji isikike sawasawa.

Mkaazi, tatizo lako kubwa si spika, ni hizo tailizi na dirisha. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio wa "trrr" baada ya kofi, spika yoyote utakayoleta itakuwa na makali. Weka zulia zito kati ya spika na kochi, pazia zito dirishani. Kanga iliyotundikwa ukutani haisaidii, ni nyembamba mno. Blanketi lililokunjwa mara mbili na kuachwa sentimita 5 kutoka ukutani linasaidia kwa sauti za juu. Pa kulitundika: kaa kwenye kochi, mtu atembeze kioo ukutani pembeni. Pale unapoiona twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) ndani ya kioo, ndipo.

Besi haisikii zulia. Inafuata vipimo vya chumba. Kwa urefu wa mita 4.2 itavimba karibu na hezi 41, upana karibu na 52, kimo karibu na 62. Spika ya wufa kubwa itaamsha zote tatu, halafu utasema "besi inavuma" na kulaumu amplifaya. Ndiyo sababu inchi 5 inakufaa kuliko 6.5 humo ndani. Kichwa chako kikiwa kimegusa ukuta wa nyuma besi huongezeka maradufu. Vuta kochi japo nusu mita.

Umbali kutoka ukuta ulio nyuma ya spika nao una hesabu. Gawanya 345 kwa mara nne ya umbali, kwa mita, kutoka uso wa spika hadi ukutani. Uso ukiwa sentimita 60 kutoka ukutani, sauti inayorudi inakata ile ya kwanza karibu na hezi 144, palepale ilipo sauti ya mwimbaji mwanamume. Chumba chako hakina nafasi ya kuzivuta zaidi ya mita moja, basi zisogeze karibu na ukuta, uso uwe sentimita 30 hivi. Ila hapo tafuta spika isiyo na tundu la hewa, au yenye tundu mbele. Ya tundu nyuma iachie angalau sentimita 10 hadi 15.

fundi_krosova

Nimeongezewa maneno ninayoyakubali, isipokuwa moja: tundu la nyuma si kikwazo. Ukiziba kwa sponji laini, besi inapungua na kuvuma kunatulia. Ni bure na unaweza kutoa muda wowote.

Sasa amplifaya ndani au pembeni. Zenye amplifaya ndani ni rahisi: Edifier R1280DB ina wufa za inchi 4, jumla wati 42 za RMS (yaani za mfululizo, si za PMPO), tundu la hewa liko mbele, ina Bluetooth, rimoti na tundu la optiko (la waya wa mwanga) la TV. Kwa bajeti yako na mahali pako pa karibu na ukuta ni chaguo la busara, na unabaki na hela ya stendi na zulia. Yamaha HS5 ni nzuri zaidi kwa sauti ya binadamu, wufa ya inchi 5 ina wati 45 na twita ina 25 zake, lakini haina Bluetooth wala rimoti, kila spika ina kitufe chake cha sauti, tundu liko nyuma, na huuzwa moja moja. Ukitajiwa bei uliza kama ni ya jozi. Nyuma ina swichi ya kushusha sauti za juu desibeli 2 na ya kupunguza besi 2 au 4. Kwenye tailizi zote mbili zina kazi.

TV nyingi mpya hazina matundu mekundu na meupe, zina optiko. Ukichomeka na kupata kimya au mkwaruzo, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM (sauti isiyobanwa). Usitumie Bluetooth kwa kuangalia filamu, midomo na maneno vitaachana.

Njia ya pili: spika tupu, mfano jozi ya Wharfedale Diamond (ukoo ulioanza 1982) iliyotumika, na amplifaya ndogo ya chipu ya TPA3116. Hapa watu wengi hukosea adapta. Wati kwa kila upande ni volti mara volti, gawanya kwa mara mbili ya omu. Volti 12 kwa spika ya omu 8 ni wati 9 tu. Volti 24 ni 36 kwa karatasi, chukua 30. Chipu hiyo haitakiwi kuzidi volti 26, na adapta ya volti 24 iwe na ampea 4 au 5. Faida yake: umeme ukikatika unaichomeka kwenye betri la sola la volti 12, na wati 9 kwa spika ya desibeli 87 bado ni muziki.

Amplifaya dogo likisukumwa kupita uwezo, mawimbi yanakatwa vichwa, na nguvu nyingi inaelekea kwenye sauti za juu. Twita hufa hivyo, si kwa wati nyingi safi.

Kigwe Junction

Akienda njia ya zilizotumika, aende na mita ya fundi na betri moja ya volti 1.5.

Angalia ukingo wa koni. Sponji huoza ukiigusa ikamomonyoka, raba hudumu. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili, kulia na kushoto kwa pamoja. Ikikwaruza, koili inasugua. Pima kwa mita: spika ya omu 8 husoma kama 5.5 hadi 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Isiposoma kitu, koili imekatika. Lakini mita hiyo inakuambia habari za wufa tu, kwa sababu twita ina kapasita mbele yake inayozuia umeme wa betri. Twita ipime kwa sikio: ziba wufa kwa mto, sogeza sikio. Gusisha betri sekunde moja, chanya kwa nyekundu: wufa za spika zote mbili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, waya zimegeuzwa. (Hili si kwa spika zenye amplifaya ndani.)

Zikitoka Dar au Tanga, kagua kutu kwenye vishikio vya waya na kona za chini za boksi. Unyevu wa pwani unavimbisha chipbodi. Ukisafirishiwa kwa basi, kila spika ifungwe peke yake, kadibodi ngumu juu ya koni, isilazwe kifudifudi. Twita ya kitambaa hubonyea kwa kidole kimoja tu.

Pia soma volti za amplifaya, au za spika zenye amplifaya ndani. Zilizotoka Japani au Marekani mara nyingi ni za volti 100 au 120 tu. Ukichomeka kwenye 230 yetu, moshi. Kibandiko kikisema "100–240V" uko salama. Na umeme unaporudi huja na kishindo, tumia TV gadi yenye kuchelewesha.

Mkaazi wa Ilazo

Asanteni sana. Naelekea kwenye zenye amplifaya ndani. Stendi niambieni vipimo nimpe fundi wa kuchomelea. Na waya na vumbi la Dodoma je?

Dada wa Makole

Kaa kwenye kochi, pima kutoka sakafuni hadi sikioni. Wengi ni sentimita 90 hadi 100. Pima pia kutoka chini ya boksi hadi katikati ya twita. Kama sikio ni 95 na twita iko 20, stendi ni 75. Nguzo iwe skwea paipu, ijazwe mchanga mkavu uliochekechwa kisha izibwe juu, la sivyo chuma kitalia kama kengele. Juu weka vipande vinne vya ndala ya zamani. Spika ziachane mita 1.8 hadi 2, zielekezwe kidogo kwako. Cheza wimbo wa mwimbaji mmoja: sauti yake isimame katikati. Ikitawanyika na besi kupotea, waya za upande mmoja zimegeuzwa.

Waya kutoka spika moja kwenda nyingine: shaba ya milimita mraba 1.5, ile ya taa za nyumbani, inatosha kwa mita 5. Kwangua kwa wembe. Ndani ikiwa nyeupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, usilipe bei ya shaba.

Vumbi: miezi ya upepo, Juni hadi Oktoba, acha vifuniko vya kitambaa mahali pake. Koni futa kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu, twita usiiguse. Tundu la hewa funika kwa kipande cha chandarua, mjusi na mende wasihamie.

Kigwe Junction

Nyongeza kwa kuwa kataja nyimbo za Kigogo. Kwa kupima besi tumia ngoma za muheme: kila pigo lifike mwisho kabla ya lingine. Ila ukijaribu kwa ilimba (kinanda cha vidole cha Wagogo), mfano rekodi za mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, utasikia mlio wa "zzz" juu ya kila noti. Huo ni wa ilimba yenyewe, matundu yake huwekwa utando wa buibui ili uvume. Usije ukarudisha spika dukani kwa kosa hilo.