Maji ya ziwa nikiyatia shabu yanakuwa meupe kabisa, bado si salama?

MamaWawili
Habari zenu ndugu. Niko Ukerewe, karibu na mwalo. Maji yote tunateka ziwani. Tangu mvua zianze yana tope, kwa hiyo usiku nayatia shabu, asubuhi nakuta tope limetuama na juu ni meupe. Ndiyo tunayokunywa. Mwanangu mdogo ana mwaka na nusu: anaharisha, anapona, anaharisha tena. Mama mkwe anasema ni meno. Kuni ni ghali, siwezi kuchemsha maji ya nyumba nzima. Nifanyeje?

BwanaAfyaMstaafu
Pole mwanangu. Nimefanya kazi ya afya vijijini huku huku Kanda ya Ziwa mpaka nikastaafu, na shabu nimekutana nayo sana. Inashusha tope na baadhi ya vijidudu, lakini haiui. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kijidudu kimoja cha E. coli katika mililita 100, na yanaweza kuwa na maelfu yakang'aa vilevile. E. coli hukaa matumboni mwa watu na mifugo. Ikionekana majini, ujue kinyesi kimefika, na nyuma yake huenda kuna kipindupindu, homa ya matumbo au kuhara damu. Mvua huosha vichaka, mazizi na vyoo vilivyojaa, na uchafu wote huishia ukingoni, hapo hapo mnapochovya ndoo.

Shabu usiiache, ila usiishie hapo. Klorini, ile dawa ya kuua vijidudu iliyomo kwenye vidonge vya maji, ikikuta tope inaishia kwenye tope. Kwa hiyo tuamisha kwanza, chuja maji ya juu kwa khanga kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa, kisha tia kidonge cha dawa ya maji kwa kipimo cha kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Kuni chache ulizonazo zichemshie maji ya mtoto. Yakishatokota sawasawa, epua.

Meno hayaharishi. Ni umri ambao mtoto anatia kila kitu mdomoni. Mpe ORS, mpeleke zahanati akapewe na zinki. Ukiona damu, macho yameingia ndani au hakojoi, usingoje kesho.

Mvuvi_Kagera
Mzee, hiyo ya khanga ni kweli au ni mambo ya bibi zetu?

BwanaAfyaMstaafu
Ni kweli, kijana wangu. Kule Matlab, Bangladesh, vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Matokeo yalichapishwa 2003. Vijidudu vya kipindupindu hujishikiza kwenye wadudu wadogo wa majini, na nguo huwanasa hao. Vile vinavyoelea peke yake hupita, ndiyo maana klorini inabaki palepale. Khanga hiyo ifuliwe na kuanikwa juani.

MamaWawili
Shikamoo mzee, asante sana. Vidonge nitafuata Nansio. Na kuoga je? Wakubwa wanaoga ziwani kila jioni.

BwanaAfyaMstaafu
Marahaba. Hapo tatizo ni kichocho, na kinaingia kwa ngozi, hata kama maji ya kunywa umeyatibu. Teka maji ya kuoga, chuja konokono wasiingie, maana ndio wanaotoa mabuu ya kichocho, yaache siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko. Mabuu hayo yasipopata mwili wa kuingia hufa. Na hao wakubwa wapelekwe wakapimwe.