Bi mkubwa ni fundi cherehani na kiuno kinamsumbua: nimnunulie kiti gani hapa Dodoma?

Kijana wa Chang'ombe

Heshima kwenu wakuu. Naomba ushauri wa mafundi cherehani, maseremala na watu wa afya kama wamo humu.

Mama yangu ana miaka 56, anashonea barazani nyumbani, Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Kazi zake nyingi ni sare za shule na magauni ya vitenge. Cherehani ni Butterfly ya kukanyaga, na anakalia kiti cha plastiki chenye mikono, juu yake kaweka mto wa kulalia. Akishona tangu asubuhi, ikifika saa saba kuinuka ni mpaka ashike meza, asimame ameinama kwanza, ndipo mgongo unyooke. Maumivu yako kiunoni tu, hayashuki mguuni. Hospitali ameshakwenda, akapewa dawa na mazoezi, akaambiwa abadili namna ya kukaa. Kuacha kushona hataki hata kusikia, na msimu wa sare huo unakuja.

Nimeona viti vya ofisi vya mtumba, vya kuzunguka, vina matairi na vinapanda na kushuka. Nina laki na nusu. Nichukue hicho au kuna kingine kinachomfaa zaidi?

Fundi Mama Makole

Pole kwa mama, mdogo wangu, na hongera kwa kumjali. Cha matairi kwa cherehani ya kukanyaga usichukue. Ukikanyaga, mguu unasukuma mbele na kiti kinarudi nyuma. Anayeshona inabidi ajikaze tumbo, mapaja na kiuno kujizuia asiteleze, na hapo ndipo mgongo unapochoka. Halafu nyuzi na vumbi letu la Dodoma vinajikusanya kwenye matairi, baada ya muda mfupi hayazunguki vizuri.

Hicho cha plastiki nacho kina tatizo lake. Kimetengenezwa mtu ajilaze nyuma apumzike, makalio yanazama na magoti yanapanda. Fundi anahitaji kusogea mbele kwenye sindano, kwa hiyo anakaa ukingoni, anaukunja mgongo, na lile egemeo halimgusi kabisa. Ile mikono nayo inagonga meza asisogee karibu.

Kabla ya kutoa hela chukua tepu. Pima toka sakafuni hadi juu ya meza ya cherehani, na toka sakafuni hadi pale anapokalia akiwa amekaa, siyo kiti kikiwa kitupu. Leta vipimo hapa.

Mzee wa Ovaloki

Naomba nitofautiane kidogo na dada. Mimi nakalia kiti cha ofisi mwaka na mwaka na kinanifaa. Ila mashine zangu zina mota, mguu unabonyeza tu, hausukumi. Na matairi nimeyachomoa, nikaweka vijiguu vya plastiki visivyoviringika. Wauza vipuri vya viti wanavyo, vinachomekwa kwenye tundu lilelile la tairi. Kama mama ana mpango wa kufunga mota siku za karibuni, kiti hicho usikitupe mawazoni.

Kijana wa Chang'ombe

Ahsanteni sana. Mota bado, umeme wa barazani haujawekwa. Nimepima: meza ni sentimita 77. Mama akikaa, mto unabonyea, anabaki kwenye sentimita 43. Viwiko vyake viko chini sana ya meza, anashona mabega yamepanda. Sikuwahi kuliona hilo.

Fundi Mama Makole

Basi ugonjwa wa kiti umeupata. Kiwiko kinatakiwa kiwe sawa na meza au juu yake kidogo, mabega yakiwa yamelegea. Kwa wanawake wengi, toka pa kukalia hadi kiwiko ni kama sentimita 22 hadi 25. Toa hiyo kwenye 77, utaona anatakiwa akae kwenye 52 au zaidi. Yuko chini mno.

Utaniuliza, miguu si itaning'inia? Kwenye kiti cha kawaida ingening'inia. Lakini kanyagio lenyewe limeinuka toka sakafuni, kwa hiyo fundi wa cherehani ya mguu anakaa juu kuliko mtu wa meza ya chakula. Mtafutie mahali ambapo nyayo zote mbili zinalala kwenye kanyagio, kisigino hakijinyooshi kutafuta, na magoti yako chini kidogo ya nyonga. Meza ikisema 53 na miguu ikasema 50, sikiliza miguu.

Usiamini hesabu yangu peke yake. Mkalishe kwenye stuli imara, ongeza vipande vya mbao juu yake kimoja kimoja, ashone shati zima. Atakapokwambia "hapa hapa", pima.

Seremala wa Kizota

Ukishapata kipimo, njoo kwa seremala yeyote hapa mjini, usihangaike na vya dukani. Mwambie hivi: miguu minne iliyotanuka chini, hakuna mikono, pa kukalia pana kumwenea, ukingo wa mbele uwe umeviringwa usimkate mapajani. Miguu ya nyuma iizidi ya mbele kwa sentimita moja au mbili, ili kiti kimpeleke mbele kwenye kazi badala ya kumlaza. Egemeo liwe fupi, limshike kiunoni, lisifike mabegani likamzuia kugeuka.

Kuna jambo watu hawaliangalii. Baraza nyingi za saruji zina mteremko wa kutoa maji ya mvua. Kama mama ameelekea ukutani, mteremko unamvuta nyuma kutwa nzima, na kama amekaa ubavu, nyonga moja iko chini ya nyingine. Mwaga maji kidogo sakafuni uone yanaelekea wapi, kisha uongeze kipande cha mbao chini ya miguu ya upande huo.

Tiba kwa Viungo

Nafanya kazi ya fiziotherapia. Waliotangulia wamesema vizuri kuhusu kiti, nawaunga mkono. Ila naomba nikuulize, mama anakata vitambaa wapi?

Kijana wa Chang'ombe

Anatandika mkeka chini, anakata ameinama. Sare akikata ni nyingi kwa mpigo.

Tiba kwa Viungo

Hapo usipobadili, kiti kizuri kitapunguza nusu tu ya tatizo. Kuinama magoti yakiwa yamenyooka, halafu unapinda na kuvuta kitambaa, kunaumiza kiuno kuliko kukaa. Mtafutie meza ya kukatia inayofika kiunoni akiwa amesimama, hata ya mabanzi au mlango wa zamani juu ya farasi za mbao, zile stendi za seremala. Kukata akiwa wima ndiko kutakakompumzisha na kukaa: ashone kama nusu saa, ainuke akate au apige pasi, arudi. Asikusanye kukaa kote asubuhi na kukata kote jioni.

Yale mazoezi aliyopewa aendelee nayo hata maumivu yakipungua. Na akianza kupata ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo kumtoka au kugoma, au mguu kukosa nguvu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

Binti Kondoa

Mkague na macho. Mama yangu mkubwa alikuwa anainamia sindano kwa sababu haoni tundu, hasa akishona nyeusi kwenye nyeusi. Alivyopata miwani ya karibu akaanza kukaa wima mwenyewe.

Kijana wa Chang'ombe

Dada hapo umegusa, uzi siku hizi namtungia mimi. Wiki hii tunakwenda kupima macho.

Stuli na mbao tumejaribu. Kwenye 48 akasema bado, 51 akasema hapa hapa, na miguu inafika vizuri. Seremala nimempata, miguu itakuwa ya mninga. Hela inayobaki naielekeza kwenye meza ya kukatia. Swali la mwisho: sponji niweke nene kiasi gani, na nifunike na leza?

Seremala wa Kizota

Sponji ngumu ya sentimita 4 au 5 inatosha. Bonyeza na kiganja, ukigusa ubao haraka, hiyo iache. Leza hapana, joto la Oktoba na Novemba litamtoa jasho na atakuwa anateleza. Mama ni fundi, ashone foronya ya kitambaa kizito yenye zipu, aivue na kuifua. Na hiyo 51 mwambie seremala ni mtu akiwa amekalia sponji, siyo urefu wa mbao. Mbao zikifika 51 halafu ukaongeza sponji, mama ataning'inia.