Ukuta wa bahari au mikoko: kisiwa kidogo kianze na kipi?

Swali: Ndugu zangu, kisiwa kidogo cha tropiki hufurika kwa njia mbili, yaani mvua kubwa inayoteremka kutoka juu na maji ya bamvua yanayosukumwa na dhoruba hadi kwenye makazi. Ikiwa fedha zinatosha kazi moja tu, je, tujenge ukuta au tupande mikoko?

Jibu la 1: Ukuta usidharauliwe. Malé, mji mkuu wa Maldivi, ulifurika mwaka 1987, na kuta zilizojengwa baadaye kwa msaada wa Japani ziliupunguzia madhara ya tsunami ya mwaka 2004. Hata hivyo, ukuta huhamishia nguvu ya mawimbi kwenye ncha zake, ambako mchanga huliwa, na usipowekewa milango ya kutolea maji, huizuia mvua isirudi baharini.

Jibu la 2: Nami naona swali limesahau miamba ya matumbawe, ambayo huvunja sehemu kubwa ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni, hivyo kukomesha uchimbaji wa matumbawe na mchanga ndiyo kazi ya kwanza. Mikoko ikipandwa penye mawimbi makali hufa (makosa haya yamerudiwa mno). Ni afadhali kufungua mikondo ya maji iliyozibwa ili miche ijiotee yenyewe.

Jibu la 3: Msisahau visima. Maji baridi ya kisiwani huelea juu ya maji ya chumvi ardhini, na bahari ikishaingia, visima vinaweza kubaki na chumvi kwa miezi mingi. Matangi ya mvua yainuliwe mapema.