Bajeti ya mwezi inakatika tarehe 17: nakosea wapi?

Mgeni wa Tabata
Ndugu zangu, salaam. Nimehamia Dar es Salaam kutoka Songea mwezi Machi baada ya kupata ajira yangu ya kwanza katika kampuni binafsi, kwa mshahara wa shilingi 900,000, na sijawahi kuendesha nyumba peke yangu. Nimepanga chumba na sebule kwa shilingi 120,000 kwa mwezi, kodi ambayo nililipa ya miezi sita kwa mkupuo kwa msaada wa kaka yangu. Kila mwanzo wa mwezi huandika kwenye daftari chakula, nauli, umeme, maji na akiba ya shilingi 200,000, lakini ikifika tarehe 17 huwa nimeshaanza kukopa dukani kwa mangi. Naomba mnioneshe hesabu inapopotea.

Mhasibu Mstaafu
Mdogo wangu, hiyo 900,000 si fedha yako. Ondoa asilimia 10 ya NSSF, yaani 90,000. Kodi ya mapato hukokotolewa kwenye 810,000 zinazobaki, nayo ni 80,500. Na kama ulisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000, hukatwa kabla hujaiona. Kinachoingia benki ni 594,500, na bajeti huanzia kwenye tarakimu hiyo ya chini kabisa ya hati ya mshahara.

Halafu kuna kodi ya nyumba. Kwa kuwa ulishailipa, nadhani kwenye daftari lako haimo kabisa, na hapo ndipo wapangaji wengi tunapojidanganya. Tenga 120,000 kila mwezi kana kwamba mwenye nyumba anabisha hodi tarehe mosi, uiweke kwenye akaunti isiyo na kadi, kwa sababu Septemba atataka 720,000 kwa mara moja na kaka yako huenda naye ana yake.

Mama Wawili
Nakubaliana na mzee, ila akiba ya 200,000 kwa mtu anayebakiwa na 474,500 baada ya kodi ya nyumba ni ndoto. Anza na 40,000. Kabla hujaandika bajeti nyingine, chukua taarifa ya miamala ya simu yako ya mwezi uliopita uisome mstari kwa mstari ukiwa na kalamu. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba makato ya kutuma na kutoa pesa peke yake yalizidi fedha niliyokuwa naitengea maji. Weka pia fungu la michango, maana kadi za harusi na misiba havisubiri mshahara. Kwangu harusi ya tatu ndani ya mwezi mmoja huombwa radhi, na hakuna aliyewahi kuninunia kwa muda mrefu. Kuhusu umeme, usishangae LUKU ya kwanza ya mwezi kukupa uniti pungufu: kodi ya jengo hukatwa humo, na kwa kuwa ni deni la mwenye nyumba, zungumza naye akurudishie.

Mgeni wa Tabata
Ahsanteni sana. Jana usiku nimeketi na taarifa ya simu. Chakula hakikuwa na tatizo; kilichonivuruga ni bodaboda ya kutoka kituoni hadi nyumbani, mara 22 kwa shilingi 2,000, yaani 44,000 ambazo sikuwahi kuziandika popote. Na makato ya mkopo nilikuwa nayasahau kila mwezi kana kwamba ni mapya. Swali moja limebaki: mtungi wa gesi wa kilo 6 sijui hunichukua siku ngapi, nao huisha kila mara nikiwa sina kitu. Niutengee kiasi gani?

Mama Wawili
Utakapobadilisha mtungi safari hii, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta, uibandike ubavuni mwake. Ukiisha utajua siku zake, nawe utagawa bei kwa siku hizo na kutenga kila wiki.