Mnatubandikia "milioni 20 zimepokelewa", BOQ (orodha ya vifaa na kazi za ujenzi wa darasa) mmeificha wapi?

Wakuu, tusidanganyane. Karatasi ya kiasi cha fedha kwenye ubao wa shule siyo uwazi. Mwaka 2021 zilipotoka za UVIKO-19, sh trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, nchi nzima ilijua darasa moja ni milioni 20. Haya, ukishajua? Mzazi anayepita njiani haoni milioni 20 ukutani. Mifuko ya saruji angeweza kuihesabu, na hiyo ndiyo namba wasiyoibandika.

Chukua jamvi, zege la sakafu, peke yake. Darasa la mita 9 kwa 7, unene sm 10, ni mita za ujazo 6.3. Kwa mchanganyo wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na ushee ya kilo 50. Jumla kama 40. Fundi akiambiwa apige 1:3:6, inashuka hadi 28. Unene nao ukiminywa hadi sm 7.5, kazi inaisha kwa mifuko 21. Mifuko 19 imeyeyuka kwenye darasa moja, na msingi, nguzo na linta hatujavigusa. Juu inapigwa niru, rojo la saruji la kulainisha, siku ya uzinduzi sakafu inang'aa. Miezi michache vumbi linaanza kutoka, dawati likiburuzwa linachimba shimo, halafu eti watoto waharibifu!

Nondo ya mm 12 ina gramu 888 kwa mita. Kata kipande cha mita moja, weka kwenye mizani ya duka. Ikisoma 700, mmeuziwa kitu kingine. Ringi za kushika nondo mchoro unasema kila sm 20, wao wanafunga sm 35, na zege likishamwagwa nani ataziona? Picha zipigwe kabla, futi ikiwa imelazwa juu ya nondo.

Vipimo vya maabara ndiyo vichekesho. Michemraba ya sm 15 ya kuvunjwa kupima nguvu ya zege siku ya 7 na ya 28 inatengenezewa zege lake pembeni, lenye saruji ya kushiba. Inafaulu vizuri sana, ila nguzo haijapimwa. Sampuli ichotwe na msimamizi mwenyewe, kwenye toroli linaloenda kumwagwa.

Kwenye fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kuweka fundi yenyewe, kuna kamati ya mapokezi, ndiyo. Wajumbe wanaitwa jioni, mzigo umeshashushwa na mwingine umeshatumika. Wanasaini mifuko 40.

Bandikeni BOQ, mchoro, hati za mapokezi na leja ya stoo. Karatasi chache tu. Wakigoma, andikeni barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30 za kujibu. Na ukipiga 113 TAKUKURU usiseme "wanakula", hawatakuwa na pa kuanzia. Sema hati ina mifuko 40, imeshuka 28, tarehe fulani, gari namba fulani.

Wala msituletee habari za siri ya ofisi, BOQ fundi anatembea nayo mfukoni. Mwenye ya darasa la mwaka huu aitupie hapa, afute majina, tuipige hesabu mstari kwa mstari.