Naomba ushauri: nimehamia Mbeya, bado sijapata ushirika

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimekulia Iringa, Mlutheri tangu ubatizo. Mwaka jana kazi ilinileta Uyole, na kanisa lililo karibu nami ni la Moravian. Najua walutheri na wamoravian wote walitufikia huku kusini kupitia wamisionari Wajerumani mwaka 1891, ni ndugu kabisa. Lakini Jumapili natoka ibadani nilivyoingia. Vyombo vinapigwa kwa nguvu, mapambio yanarudiwa, nami moyo unadai liturujia niliyoizoea.

Juni mwanangu aliugua. Saa kumi na moja alfajiri, na baridi ile ya Uyole mnaijua, mama mmoja wa jumuiya aligonga mlango. Kajifunga kitenge juu ya sweta, mkononi chupa ya uji wa ulezi. Akakaa kwenye kigoda, akamshika mtoto mguu, akaomba kwa Kinyakyusa. Sikuelewa ila jina la Yesu. Nililia sana.

Tangu siku hiyo nimeenda jumuiya mara mbili tu, na zote nilirudi nikinung'unika moyoni kuhusu nyimbo. Inaniumiza, kwa sababu yule mama hakuniuliza dhehebu.

Mume wangu anasema tuhamishe ushirika rasmi. Mimi nawaza kupanda daladala kila Jumapili nikasali na Walutheri wenzangu mjini. Mliowahi kuhama, mliwekaje pembeni mliyoyazoea? Na nianzie wapi na yule mama? Natamani kumtembelea, sijui niende na nini.